Dawa ya Asubuhi na Nyuki wa Jirani

(Mazungumzo na vikundi vya kisomo vya wakulima wa pamba na wafugaji wa nyuki)



Leo tumekuja kuzungumza nanyi juu ya pamba na nyuki. Lakini kabla ya kuanza somo, tunalo deni la kulipa. Deni lenyewe ni kosa letu sisi wa elimu ya watu wazima. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Nasi tunaongeza kwamba kukiri kosa nako si ujinga. Basi tusikilizeni kwanza.

Katika kijiji kimoja upande wa kusini wa Ziwa Victoria tulikuwa na darasa zuri la wanakisomo. Jioni moja tulisoma karatasi ya kilimo. Kwa herufi kubwa iliandikwa: "Piga dawa asubuhi, upepo ukiwa umetulia." Tuliisoma kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, mpaka kila mtu akaijua. Mzee mmoja, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa hajui hata kushika kalamu, aliisoma bila kukwama. Tulimpigia makofi. Tulikwenda kulala tukiwa na furaha kubwa.

Juma lililofuata mzee huyo alibeba bomba lake mgongoni akaingia shambani. Pamba yake ilikuwa imechanua sana, shamba zima limejaa maua. Alianza saa mbili asubuhi, akamaliza saa tano. Alifanya vile vile alivyosoma.

Kesho yake mama mmoja, mke wa marehemu mdogo wake, alikwenda kutazama mizinga yake. Alikuwa na mizinga kumi na mmoja juu ya miti iliyo kando ya shamba lile. Chini ya miti alikuta nyuki wamelala kama pumba za mpunga zilizomwagwa. Wengine walikuwa bado wanazunguka chali, ndimi zimetoka nje. Baada ya siku nne mizinga sita ilikuwa kimya. Miwili mingine nyuki walihama wakaacha masega. Ikabaki mitatu tu. Na asali ile ndiyo mama aliyoitegemea kwa sare na madaftari ya watoto.

Shauri likafika kwenye baraza la kijiji. Mama akasema, "Shemeji, umeniulia nyuki. Umekula chakula cha watoto wa mdogo wako."

Mzee hakukana. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa ile karatasi ya kilimo imekunjwa mara nne. Akasema, "Mimi nimesoma, tena nimefuata kama ilivyoandikwa. Mwalimu yupo hapa, mwulizeni yeye."

Ndugu zangu, watu wote walitugeukia sisi. Tulikosa la kusema.

Baraza liliamua vizuri. Mzee alikubali kumchongea shemeji yake mizinga miwili mipya. Sisi nasi tulipewa adhabu yetu: kwenda kujifunza habari hii kwa wanaoijua, kisha kurudi kuieleza. Haya ndiyo tuliyorudi nayo.

MBEGU INAYOJILINDA

Tuanze na pamba. Wengi wetu tumepanda mbegu iitwayo UK91, na baadaye UKM08. Je, umewahi kujiuliza herufi hizi maana yake nini? UK ni Ukiriguru, kituo cha utafiti kilichopo karibu na Mwanza. Kituo hiki kimefanya kazi ya pamba tangu miaka ya 1930, na siku hizi kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, yaani TARI. Tarakimu zinazofuata ni mwaka. UK91 ilitolewa mwaka 1991, na UKM08 mwaka 2008. Kwa hiyo jina la mbegu ni kama cheti cha kuzaliwa: linakwambia imezaliwa wapi na lini.

Sasa chukua jani la pamba yako, lipitishe shavuni. Utasikia linakwaruza kidogo. Lina vinyweleo vidogo vidogo. Vinyweleo hivyo havikuachwa bure. Ni ngome.

Yupo mdudu mdogo wa kijani anayekaa upande wa chini wa jani na kurukaruka ukimgusa. Wataalamu humwita jasidi. Yeye hufyonza maji ya jani. Pembe za jani hugeuka njano, kisha nyekundu, na jani hujikunja kuelekea chini. Zamani mdudu huyu alikuwa anaweza kuliharibu shamba zima mpaka watu wakakata tamaa ya kulima pamba. Katika miaka ya 1920, huko Barberton, Afrika Kusini, mtafiti F. R. Parnell alitazama mashamba yaliyoliwa na jasidi, akaona baadhi ya miche imesimama wima. Alipoichunguza, aliona ndiyo yenye vinyweleo vingi. Jasidi anashindwa kutulia na kutaga mayai yake kwenye jani la namna hiyo. Basi alichukua mbegu za miche ile, akapanda, akachagua tena, akapanda tena. Watafiti wa Ukiriguru nao waliendelea na kazi hiyo hiyo, wakatafuta pia pamba isiyoshindwa upesi na ugonjwa wa mnyauko na ugonjwa wa madoa ya majani uletwao na bakteria.

Kazi hii si ya msimu mmoja. Kupata mbegu mpya mara nyingi huchukua miaka kumi au zaidi. Jioni mtafiti huenda kwenye tumba litakalofunguka kesho, akalitoa unga wake wa kiume, yaani chavua, kisha akalifunika. Asubuhi huleta chavua ya mmea mwingine aliouchagua, akaipaka. Ndiyo ndoa ya pamba. Na mmea anaotaka ujizalie wenyewe bila kuchanganyika, huufunga ua lake kwa uzi kwenye ncha lisifunguke.

Kwa nini anafunga? Kwa sababu ya nyuki! Chavua ya pamba ni nzito na inanata, upepo hauichukui. Wanaoibeba kutoka ua hadi ua ni wadudu, na nyuki ni mmoja wao. Akiingia nyuki kwenye shamba la utafiti, atachanganya ukoo wa mbegu. Kwa hiyo mtafiti anamfungia nyuki mlango. Lakini mkulima yeye hatafuti ukoo wa mbegu, anatafuta kilo. Huyu yampasa amfungulie nyuki mlango. Neno hili tutalirudia.

Hapa pia mnaona kwa nini tunaambiwa tusipande mbegu ya kuokoteza. Mbegu mbili tofauti zikipandwa jirani, nyuki atazioanisha, na mtoto atakayezaliwa huenda asiwe na vinyweleo vya baba wala nguvu ya mama. Tununue mbegu iliyothibitishwa, na eneo moja lipande mbegu moja.

NYUKI ANAYEJISAFISHA

Tuje kwa nyuki. Yeye naye ana adui zake. Mmoja anaitwa varoa. Ni mdudu mfano wa kupe, mwekundu wa hudhurungi, upana wake kiasi cha milimita moja na nusu. Humng'ang'ania nyuki mwilini na kumla. Tena huingia kwenye tundu la sega lenye jana kabla halijazibwa kwa nta, akazaa humo, na watoto wake wakamla jana. Nyuki akizaliwa hutoka dhaifu, pengine mabawa yamepinda, maana varoa huambukiza na magonjwa mengine.

Asili ya varoa ni kwa nyuki wa Asia. Kutoka huko alihamia kwa nyuki wa namna yetu na wa Ulaya. Alionekana Marekani mwaka 1987. Huko aliua makundi mengi sana ya nyuki. Wafugaji wakatia dawa kwenye mizinga. Kwanza ilisaidia. Baadaye varoa akaizoea dawa hii na ile, na ikabidi kutafuta nyingine. Ndipo watafiti wa mji wa Baton Rouge, kuanzia miaka ya 1990, wakafanya kama Parnell alivyofanya kwa pamba. Waliuliza: je, yapo makundi ya nyuki yanayosimama wima? Yakapatikana. Waliona kundi ambalo nyuki wake wananusa jana mgonjwa ndani ya tundu lililozibwa, wanalifungua, wanamtoa nje jana huyo pamoja na varoa wake. Wakachagua malkia wa makundi hayo na kuzalisha kutoka kwao.

Je, sisi Afrika? Varoa alionekana Afrika Kusini mwaka 1997. Watu wengi waliogopa. Lakini wafugaji wengi wa huko hawakutia dawa. Makundi dhaifu yalikufa, yenye nguvu yakabaki na kuzaa, na katika miaka isiyozidi saba hivi nyuki wa huko walikuwa wamemzoea adui. Afrika Mashariki alikuja kutambuliwa mwishoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2010 Dk. Elliud Muli wa Kenya na wenzake, wakiwemo watafiti wa Marekani, walipima makundi ya nyuki katika sehemu 24 za Kenya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Walimkuta varoa karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali. Lakini wingi wa varoa haukufanya makundi kuwa madogo. Nyuki walikuwa naye, na walikuwa wakiishi. Tena sumu za dawa za mashambani zilipatikana kidogo sana katika mizinga hiyo.

Nyuki wetu wana tabia ya kujisafisha, kusafishana na kutoa nje jana mgonjwa. Tena ni wepesi wa kugawanyika na kuhama, na wakihama huacha nyuma masega yenye majana na varoa walio ndani yake. Sisi huwalaumu kwa ukali na kwa kuhamahama. Kumbe ndiyo vinyweleo vyao.

Mnaona, ndugu wanakisomo, jinsi masomo haya mawili yalivyo somo moja? Pamba yenye vinyweleo na nyuki wanaojisafisha ni walinzi waliomo nyumbani mwetu tayari. Hawalipwi mshahara. Dawa ni askari wa kukodi. Siku nyingine tunamhitaji kweli kweli. Lakini ukimwita bila sababu, au ukimwita saa isiyo yake, atapiga adui na mwenye nyumba pia. Na nyuki wetu anayemshinda varoa hawezi kuishinda sumu iliyomwagwa juu ya ua analolinyonya.

MKUTANO KATIKA UA

Nyuki anatafuta nini kwenye pamba? Anatafuta maji matamu. Ua la pamba hufunguka asubuhi, likiwa jeupe la maziwa. Jioni huanza kujifunga. Kesho yake limekuwa la rangi ya waridi, na halina kazi tena. Kwa hiyo ua moja lina asubuhi moja tu na mchana mmoja tu wa kupokea wageni. Na saa hizo hizo ndizo mzee wetu alizopita na bomba. Hakukosea kwa ubaya. Karatasi ilifikiri upepo, haikufikiri nyuki.

Mtu atasema, "Pamba hujizalisha yenyewe, nyuki hanihusu." Ni kweli, pamba inaweza kujichavusha yenyewe. Lakini kuweza ni jambo moja na kuzaa vizuri ni jambo jingine. Huko Burkina Faso, nchi ya wakulima wa pamba kama sisi, watafiti walizuia wadudu wasifike kwenye maua, kisha wakalinganisha na maua yaliyoachwa wazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Bila wachavushaji, pamba ilipungua kwa wastani wa asilimia 37, na ufuta kwa asilimia 59. Tufanye hesabu yetu ya kisomo: palipotarajiwa kilo 100 za pamba, zilipatikana 63. Kilo 37 zilikuwa za nyuki na wenzake. Basi siku ile mzee aliua nyuki wa shemeji yake, na papo hapo aliwafukuza vibarua wake mwenyewe.

KWA NINI MZINGA MZIMA HUFA

Mama alituuliza swali zuri. "Mwalimu, waliopigwa dawa ni wale waliokwenda shambani. Mbona hata waliokuwa ndani wamekwisha?"

Jibu ni hili. Kundi la nyuki ni kama kaya yenye mgawanyo wa kazi. Nyuki mtenda kazi, majuma yake ya kwanza hukaa ndani: anasafisha, analisha majana, anajenga masega. Akikomaa ndipo anatoka nje kutafuta chakula na maji. Wakifa wote waliotoka, ni kama kijiji kilichopoteza wazazi wote siku moja. Vijana wa ndani hulazimika kutoka kabla ya wakati wao, na wengi hufa upesi. Majana hubaki bila wa kuyalisha wala kuyapa joto. Tena wale waliorudi kabla ya kufa walileta sumu ndani kwa miguu na kwa mdomo. Kundi likidhoofika hivyo, adui wengine hupata nafasi: nondo wa nta, siafu, na varoa yule yule ambaye walikuwa wanamweza. Kundi ambalo bado lina nguvu kidogo huona heri lihame. Ndiyo ile mizinga miwili.

Na nyuki hukaa mbali kuliko tunavyodhani. Kilomita mbili au tatu kwake ni matembezi ya kawaida. Kwa hiyo usiseme, "Hapa kwangu hakuna mizinga." Mizinga iko kwa jirani wa jirani yako.

TUFANYE NINI?

Hatukuja kuwaambia wakulima waache dawa. La hasha. Vinyweleo vinamzuia jasidi, lakini havimzuii funza wa vitumba. Mzee wetu alikuwa na haki ya kuiokoa pamba yake. Tunalosema ni kwamba dawa iwe na sababu na iwe na saa yake.

Kwanza, kagua kabla ya kupiga. Pita shambani kwa mwendo wa kukata kona, simama hapa na pale, tazama mche mmoja mmoja. Hesabu funza na mayai yake. Andika katika daftari: tarehe, miche uliyotazama, funza uliowaona. Kalamu hatukukufundisha kwa kuandikia barua peke yake. Mpelekee bwana shamba hesabu hiyo akuambie kama imefika kiwango cha kupiga dawa. Tazama na rafiki zako pia, kama wale wadudu wekundu wenye madoa meusi wanaokula vidukari. Ukipiga dawa kwa mazoea, wao ndio hufa mapema. Tena kumbuka funza naye huzoea dawa kama varoa alivyoizoea. Afrika Magharibi katika miaka ya 1990 funza wa vitumba alianza kutozijali dawa ambazo zamani zilimwua.

Pili, piga dawa jioni. Ngoja maua yajifunge na nyuki warudi mizingani, yaani kuanzia saa kumi na moja hivi au kumi na mbili, upepo ukiwa umetulia. Nondo mama wa funza hutaga usiku, na funza wadogo utawakuta vile vile jioni. Hutapoteza kitu.

Tatu, soma chupa. Dawa nyingine hukauka na ukali wake hupungua upesi, nyingine hukaa kwenye majani siku kadhaa. Ikiandikwa kuwa ni hatari kwa nyuki, uliza kama iko nyingine inayofaa. Usiongeze kipimo. Usioshee bomba kisimani wala mtoni, maana nyuki hunywa huko, na watoto pia. Na chupa tupu isigeuzwe chombo cha mafuta ya taa wala cha maziwa.

Nne, mpe jirani habari siku mbili kabla. Neno moja tu: "Keshokutwa jioni napiga dawa." Mwenye mizinga aongee na bwana nyuki juu ya kuhamisha mizinga au kuifunika alfajiri kwa magunia yaliyoloweshwa, nyuki wachelewe kutoka. Lakini hewa ipite. Kuziba mlango wa mzinga kabisa penye jua kali ni kuwapika nyuki wenyewe.

Tano, msimu ukiisha, ng'oa miti ya pamba na kuichoma kama sheria inavyotaka. Wadudu wengi hungojea humo msimu mwingine. Kadiri wanavyopungua humo ndivyo bomba litakavyopungua safari.

Nanyi wafugaji wa nyuki msidhani somo ni la wakulima peke yao. Ukiona varoa mmoja, usikimbilie dukani kununua dawa ya kutia mzingani. Utaua nguvu ya nyuki wako na kuiharibu asali. Warinaji waache kuunguza kundi zima kwa moto wa kienge. Tumieni bomba la moshi, waachieni nyuki masega ya majana na akiba ya chakula. Na mizinga msiitundike kwenye mpaka wa shamba la mtu kabla ya kuongea naye.

JARIBIO LA KIKUNDI

Tusiamini kwa kusikia tu. Kila kikundi kijaribu chenyewe. Chagueni matawi kumi ya pamba yenye matumba yaliyo karibu kufunguka. Yafunikeni kwa kitambaa chepesi chenye matundu madogo, ili hewa ipite na nyuki asipite. Chagueni mengine kumi yanayofanana nayo, myaache wazi. Fungeni kila tawi uzi: mwekundu kwa yaliyofunikwa, mweupe kwa yaliyo wazi. Maua ya ndani yakishageuka rangi ya waridi, ondoeni kitambaa. Siku ya kuvuna, hesabuni vitumba vya kila upande, kisha pimeni pamba yake kwenye mizani. Andikeni, mlete darasani. Kijiji kikiwa na hesabu yake chenyewe, hakuna wa kukidanganya, hata sisi.

MWISHO

Tuliporudi katika kijiji kile, tulisimama mbele ya darasa, tukaichukua karatasi ile ile. Tukamwita mzee mbele, tukampa kalamu nyekundu. Alikata neno "asubuhi". Juu yake akaandika kwa mwandiko wake mkubwa: "jioni". Halafu akafikiri kidogo, akaongeza chini maneno ambayo sisi hatukumwambia: "Mwambie jirani kwanza."

Mama alikuwa ameketi mstari wa mbele. Alisoma kimya kimya, midomo ikicheza. Kisha akasema, "Shemeji, 'jirani' umeandika sawasawa. Mizinga yangu unaileta lini?" Darasa likacheka, na mzee akacheka pia. Mizinga ilifika Jumamosi iliyofuata.

Sisi tuliondoka na fundisho letu. Kumfundisha mtu kusoma ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumfundisha kuliuliza andiko: Wewe, umefikiri yote? Umemfikiri na jirani? Swali hilo tuliulize kila karatasi, kila chupa ya dawa, na kila mwalimu.



MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Mbegu ya pamba mnayopanda inaitwaje? Jina lake lina maana gani?
2. Kwa nini mtafiti hufunga ua la pamba kwa uzi, na mkulima haimpasi?
3. Kijijini kwenu watu hupiga dawa saa ngapi? Nani aliwaambia hivyo?
4. Nani ana mizinga ndani ya kilomita tatu kutoka shambani kwako? Andika majina yao.
5. Baraza lingekuwa lenu, mngeliamuaje shauri la mzee na shemeji yake?